Nimeanguka Tena

Simu haikuwa yake, na wala hakuwa na nia ya kuisoma. Hilo tuliseme mapema, asije mtu akamwonea bure. Mchumba wake ndiye aliyeiacha pale saluni asubuhi kwa sababu chaja yake ilikuwa imekufa. Aliichomeka mwenyewe pembeni ya kioo, akambusu mwenye saluni kwenye paji la uso, akaenda zake kazini akipiga mluzi. Simu ikakaa kimya mpaka saa nane mchana.

Mwenye saluni watu walimwita Vidole, kwa jinsi vidole vyake vilivyokuwa vikikimbia kichwani mwa mtu. Siku hiyo aliyekaa kitini alikuwa mama yake mzazi. Harusi ilikuwa imebaki wiki tatu, na Mama alitaka kuujaribu mapema mtindo atakaokwenda nao ukumbini, maana alisema hatakubali kufunikwa na mama wa bwana harusi. Upande wa kulia ulikuwa umeshasukwa, umelala vizuri. Wa kushoto ulikuwa bado, nywele zimetimka.

Ndipo simu ikawaka. Vidole akatupa jicho tu, kama mtu yeyote anavyotupa jicho. Ujumbe ulikuwa wa Wembe, mfanyakazi mwenzake mchumba wake, umetumwa tangu alfajiri na mtandao ndio kwanza unauleta.

"Umeamkaje? Jana ulivyoanguka ulinitisha kweli. Shati lako limebaki kwangu, nimeshalifua."

Vidole vikasimama.

"Mbona umeacha?" Mama aliuliza. "Umechoka au umenichoka?"

Vidole alifuta mikono kwenye aproni, akaichukua ile simu. Namba ya siri aliijua. Ilikuwa tarehe ya posa yao, na kwa dakika hiyo alimchukia mchumba wake zaidi kwa sababu hiyo. Akaufungua ujumbe wa jana yake, ulioandikwa na mkono uleule uliokuwa ukimwandikia yeye maneno matamu kila asubuhi.

"Ndiyo hivyo, nimeanguka tena, dada yangu. Nisitiri. Vidole asijue."

"Soma kwa sauti," Mama aliamuru, maana uso wa bintiye aliuona kwenye kioo.

Akasoma. Jina lake mwenyewe aliliruka.

Sasa, katika nyumba aliyokulia Vidole neno "kuanguka" halikutumiwa ovyo: sahani ilidondoka, mtoto alijikwaa, bei ilishuka. Lakini mtu mzima akisemwa "ameanguka", basi ujue amekutwa na asiye wake. Mama alikuwa mshauri wa ndoa za watu kwa miaka ishirini, na neno hilo alilitamka akiwa amekunja midomo, kama mtu aliyeonja kitu kichungu. Fulani ameanguka. Fulani naye kaanguka, tena na shemeji yake. Vidole alilijua neno hilo kwa maana hiyo moja tu tangu akiwa na meno ya utoto.

"Ameanguka," Mama alisema polepole. Kisha akageuka kitini, nusu kasukwa nusu hajasukwa. "Tena."

"Na shati kamfulia, Mama."

"Shati! Jamani, hata aibu hawana. Nipe kitambaa changu."

"Unakwenda wapi?"

"Tunakwenda, mwanangu. Unadhani nitakuacha uende peke yako ukalie mbele ya mwanamke mwingine?"

Ukimwona Vidole njiani siku ile ungempisha. Alitembea mbele, aproni bado iko kiunoni, na kila hatua ilimletea jambo jipya la kumuuma. Huyo Wembe! Alikuwa mwendesha mashine ya kukatia karatasi pale kiwandani, mwembamba, sauti nzito, na cheko linalosikika mpaka barabarani. Hapakuwa na siku mchumba wake aliketi kula bila kumtaja. Wembe kasema hivi, Wembe kanichekesha, Wembe kanikataza kupanda ngazi. Yeye nani wa kumkataza? Mara moja Vidole aliwahi kupita pale bila taarifa akamkuta Wembe anamfungua mchumba wake kifungo cha shingoni, mchana kweupe. Alipouliza akaambiwa ni joto. Joto! Akameza, kwa sababu alimpenda, na mtu anayependa humeza mengi. Lakini usiku ule alilala akikihesabu kifungo kimoja mpaka kikawa vifungo mia.

"Usilie," Mama alisema kutoka nyuma, akihema.

"Silii."

"Haya, basi tembea polepole, mimi si mwanariadha."

Kiwanda kilikuwa chumba kirefu chenye mabunda ya karatasi yaliyopangwa mpaka karibu na dari, na harufu ya gundi na wino. Mchumba wake alikaa kwenye meza ya mwisho, sindano na uzi mkononi, anashona kurasa. Kazi yake ilikuwa kujalidi vitabu, na kwa hiyo kila mtu alimwita Jalada, kuanzia mwenye kiwanda mpaka mama mkwe mtarajiwa. Alikuwa na mikono mikubwa inayogusa vitu taratibu. Alipomwona Vidole mlangoni uso ulimchanua, na Vidole, Mungu amsamehe, moyo ulimruka vilevile kama kila siku. Akaukaripia kimoyomoyo.

Wembe alikuwa kwenye mashine yake. Na alichokuwa akikata, amini usiamini, kilikuwa kadi za harusi yao.

"Shikamoo, Mama," Jalada alisimama.

Mama hakuitikia. Hapo Jalada akajua kuna jambo.

Vidole akaiweka simu mezani, kioo juu. "Umeanguka," alisema. "Nimesoma mwenyewe."

Uso wa Jalada ulibadilika. Akaketi tena, kama mtu aliyekatwa miguu. Akaitazama ile simu, kisha akamtazama Wembe, na kule kumtazama Wembe kwanza ndiko kulikompasua Vidole.

"Usimtazame yeye! Nitazame mimi. Mara ngapi?"

"Vidole wangu..."

"Mara ngapi?"

"Nne," alisema kwa sauti ya chini. "Tangu mwaka uanze."

"Mara nne!" Mama alishika kiuno. "Na mahari tumeshapokea!"

"Na huyu alikuwepo?" Vidole alimnyooshea Wembe kidole bila kumtazama.

"Mara tatu alikuwepo. Moja nilikuwa peke yangu."

"Peke yako? Mtu anaangukaje peke yake?"

"Ndiyo mbaya zaidi hiyo," Jalada alisema, macho yamemlowa. "Unazinduka hakuna mtu, hujui hata ni saa ngapi."

Mama na bintiye wakatazamana. Mambo mengine hata Mama, na ushauri wake wa miaka ishirini, hakuwahi kuyasikia.

"Wapi?" Vidole aliuliza. "Ulianguka naye wapi?"

"Hapahapa. Pale chini, kati ya yale mabunda."

"Mbele ya watu?"

"Sasa ningechagua? Haichagui mahali. Wenzangu wote wanajua. Hata bosi anajua, ndiye aliyeninunulia godoro."

"Godoro!" Mama alipiga ukelele. "Mwajiri! Kanunua godoro!"

Mashine ikazimwa. Wembe akaja, anafuta mikono kwenye suruali, anawatazama mmoja mmoja kama mtu anayesikiliza redio mbili kwa pamoja.

"Samahanini," alisema. "Hivi mnazungumzia kitu kimoja kweli? Dada, unadhani ameangukaje?"

"Usiniite dada."

"Kifafa," Wembe alisema. "Anaanguka kifafa, tangu akiwa na miaka kumi na mbili. Wewe ulidhani nini?"

Vidole alihisi damu inampanda mpaka masikioni. Aibu ilikuja, halafu nafuu, na nafuu ilikuwa kubwa kiasi kwamba nusura acheke. Hajanisaliti. Hajamgusa. Lakini hata kabla nafuu haijakaa kitako, kitu kingine kilishaingia na kuisukuma. Mwanamke huyu anajua. Anajua mwili wa mchumba wangu unavyokuwa ukiwa umeishiwa nguvu, na mimi sijui.

Mama alikuwa ameshajifunika mdomo na pua. Akarudi nyuma hatua mbili, akamvuta bintiye kwa aproni.

"Twende," alisema. "Twende, mwanangu. Kadi zichomwe. Afadhali angekuwa mzinzi! Mzinzi nikimkalisha nikimsema anatulia. Huyu utamfanyaje? Watoto wako je? Na ukila na kunywa kikombe kimoja naye?"

"Mama, haiambukizi," Wembe alisema. "Ni kichwa kinapata kama shoti ya umeme, basi. Hata povu lake ni mate tu, kama yako."

"Mate yangu yaache mahali yalipo!"

Vidole hakuwa akiwasikiliza. Alikuwa akimtazama Jalada, na Jalada alikuwa akiitazama sindano yake.

"Ulipanga kuniambia lini? Fungate?"

"Nilitaka kila siku. Nikifika kwenu, nikikuona unacheka, nasema leo acha acheke, kesho nitamwambia." Aliizungusha sindano mkononi. "Mchumba wa kwanza nilimwambia siku ya kwanza. Siku ya pili sikumwona tena. Ndugu zake walikuja kuchukua hata picha zake."

"Kumbe kuna wa kwanza!"

"Vidole..."

"Wa kwanza alijua, Wembe anajua, bosi na godoro lake anajua. Mimi ni wa ngapi kwenye foleni? Mimi ninayeolewa!"

"Nilikuficha kwa sababu wewe ndiye niliyeogopa kukukosa. Hao wengine wakiondoka nitakula nitalala. Ukiondoka wewe, sijui."

Maneno hayo yalimfika Vidole mahali palepale alipokuwa amekasirikia, na akakasirika zaidi kwa sababu yalimfika. Wembe naye akakosea. Mpaka leo husema alikosea.

"Na mimi niseme langu, maadamu tumeshaanza," alisema. "Dada, kabla hajakujua wewe alikaa mwaka mzima na nusu bila kuanguka. Ana vidonge, asubuhi na jioni. Ila siku anazokuja kwenu vya jioni havimezi, ili usivione. Mimi ndiye ninayeokota matokeo kesho yake. Unakuja hapa kunifokea kwa shati? Shati lilijaa damu, alijing'ata ulimi. Ningeliacha?"

Vidole alisimama pale akakumbuka jioni zote hizo. Alivyokuwa akimng'ang'aniza, kaa kidogo, kaa kidogo bado. Alivyofurahi akikaa. Jana yenyewe, katoka kuanguka hapa kazini, alikuwa kwao mpaka giza likaingia, na leo asubuhi alipita saluni anapiga mluzi, na yeye hakuona kitu. Hakuona hata ulimi. Wembe angeuona.

"Na wewe ulijifunzia wapi?" aliuliza, na kijicho kilisikika waziwazi, wala hakukificha. "Ulisomea?"

"Kaka yangu," Wembe alisema, na kwa mara ya kwanza ile sauti nzito ikapungua. "Nyumbani tulikuwa tunamkandamiza na kumtia kijiko mdomoni. Tulimvunja meno mawili ya mbele tukidhani tunamwokoa. Mpaka muuguzi mmoja alipotukalisha chini akatufundisha. Sitaki aharibike mwingine. Ni hivyo tu, dada. Mimi nina mume wangu na ananitosha, mpaka nimechoka."

"Umesikia yote," Mama alimvuta tena bintiye. "Sasa twende. Jalada, mwanangu, wewe ni mtu mzuri, Mungu akupe wa kufanana nawe. Lakini binti yangu, hapana. Sitoi. Vidole, mwambie."

Jalada akainua uso. "Mama ana haki," alisema. "Kama uta... kama hutaki, sitakulaumu. Nitakwenda mwenyewe kwa wazee nikawaambie nime..."

Hakumaliza. Vidole alidhani ni machozi. Lakini macho ya Jalada yalikuwa yameganda kwenye kitu kisichokuwepo, midomo inatafuna tupu, na kichwa kikaanza kugeuka taratibu upande, kama kimeitwa na mtu. Kisha akatoa sauti ambayo Vidole hajawahi kuisikia ikitoka kwa mtu anayempenda, akakakamaa, akateleza kutoka kwenye kiti.

Wembe aliruka. Lakini Vidole alikuwa karibu zaidi, na alimdaka mabegani akashuka naye mpaka sakafuni.

"Usimguse!" alimfokea Wembe.

"Dada, acha ujinga..."

"Usimguse, nimesema! Niambie mimi. Nifanye nini? Niambie, nifanye mimi!"

Wembe akasimama. Walitazamana kwa muda mfupi, wanawake wawili. Kisha Wembe akakunja mikono nyuma kama mtu anayeizuia.

"Haya. Angalia ile saa ukutani, ushike dakika. Sindano itoe. Sogeza kiti, sogeza meza, asijigonge. Chini ya kichwa weka kitu laini."

Aproni ikatoka kiunoni, ikakunjwa, ikaenda chini ya kichwa. Saa ya ukutani ilikuwa saa tisa na dakika kumi. Mwili wa Jalada ulikuwa umeanza kuruka, mikono ile mikubwa inapiga sakafu, na Vidole akailalia kuishika.

"Usimkabe! Mwache arukeruke, ukimkandamiza utamvunja. Mfungue tu kifungo cha shingo."

Kifungo cha shingo. Kilekile. Vidole akakifungua, na huo ndio wakati alioelewa kwa nini kile kifungo kilikuwa kikifunguliwa. Bado wivu ulimuuma. Uliuma hata pale, magoti sakafuni.

"Meno! Atajimaliza ulimi!" Mama alikuwa amechomoa kichana kutoka mfukoni, mpini mbele, anakuja nacho.

"Mama, hapana! Usimtie kitu mdomoni!"

"Lakini..."

"Hapana!"

Mama akasimama na kichana chake hewani. Wafanyakazi wengine walikuwa wamesogea, na Vidole akaona suruali ya Jalada inaloa, na akaona wanavyoona.

"Mama, nipe kitambaa chako."

"Kichwa changu hiki? Mbele ya watu?"

"Mama!"

Bibi mshauri wa ndoa akautazama umati, akamtazama yule kijana aliyemwamkia kila siku kwa heshima na leo hakuitikiwa. Akavua kitambaa. Nywele za kushoto zikasimama wima mbele ya kiwanda kizima, na hakuna aliyethubutu kucheka. Akakirusha, Vidole akamfunika Jalada kuanzia kiunoni kwenda chini.

"Dakika ngapi?" Wembe aliuliza.

"Moja. Na nusu."

"Ikivuka tano tunakimbia hospitali. Haitavuka. Ongea naye, hata kama hasikii."

Vidole hakujua aseme nini, kwa hiyo alisema vyote. Akamtukana. Akamwita mwongo, mshenzi, mume wangu, kichwa maji. Akamwambia vidonge vyake atavimeza mezani kwao, mbele ya baba na mama na mjomba, na asiyetaka kuona aangalie ukutani. Kurukaruka kukapungua, kukawa mitetemo, kukaisha. Pumzi ikaingia kwa mkoromo mkubwa.

"Sasa ubavu. Mgeuze taratibu, mate yatoke."

Akamgeuza. Povu lenye wekundu kidogo likashuka shavuni.

"Usilishike hilo!" Mama alisema, lakini bila nguvu.

Vidole akalifuta kwa kiganja chake, mkono mtupu, kisha akaufuta mkono kwenye sketi yake. Mama alikitazama kile kiganja. Kisha akawageukia wale watu: "Mnatazama nini? Hamna kazi? Mpeni hewa mwenzenu!"

Muda ukapita. Jalada akafumbua macho. Yalikuwa macho ya mtu aliyetoka mbali, yakazunguka darini, yakashuka kwenye mabunda, yakampita Vidole bila kusimama.

"Wembe?" alinong'ona.

Lo! Kama kuna kisu cha kumchoma mtu kifuani na kukizungusha, ndicho hicho. Wembe mwenyewe alishtuka, akafungua mdomo ajibu, kisha akaufunga.

"Ndivyo anavyokuwa," alisema haraka. "Kichwa bado hakijarudi, dada, hajui hata jina lake. Usilichukulie moyoni."

"Nalichukulia," Vidole alisema. "Nitalichukulia mpaka nife. Lakini si sasa."

Akainamisha uso mpaka ukamkaribia. Jalada akamkazia macho, akakunja uso kwa jitihada, kama anasoma maandishi madogo.

"Wewe ni nani?"

"Unaona?" Mama alisema kwa huruma ya kweli. "Mwanangu, unaona? Hata hakujui."

"Mimi mkeo," Vidole alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye mashine.

Jalada akalifikiria jambo hilo kwa muda mrefu, shavu lake juu ya aproni ya saluni.

"Tangu lini?" aliuliza.

Vidole akainua macho kwenye saa ya ukutani.

"Dakika nane sasa," alimjibu. "Lala, usiinuke."